Betri mbili zilikufa, altaneta haikuwa na kosa: uchambuzi wa kisa

Kisa hiki nimekitoa kwenye daftari la kazi la karakana yetu ya umeme wa magari. Nimeondoa aina ya gari, mwaka wake na kila kinachoweza kumtambulisha mwenyewe au mafundi waliolishika kabla yetu. Nimekichagua kwa sababu kina makosa ya watu kadhaa, sisi tukiwemo, na kila kosa lilikuwa na mantiki yake lilipofanyika.

Gari na namna linavyochaji

Ni gari dogo la petroli, gia otomatiki, lenye mfumo wa kuzima injini likisimama kwenye foleni na kuiwasha tena dereva anapoachia breki. Kiwandani lilifungwa betri ya EFB, yaani betri ya maji iliyoimarishwa kwa ajili ya magari ya namna hiyo. Ilikuwa ya ampea-saa 60 (ampea-saa ni kipimo cha umeme ambao betri inaweza kuhifadhi), imekaa chini ya boneti ndani ya koti la kuikinga na joto la injini. Ilidumu karibu miaka mitano.

Kwenye gari la zamani, kidhibiti cha altaneta, yaani jenereta inayozungushwa na injini ili kuchaji betri, hushikilia volti zilezile muda wote injini inapozunguka, mara nyingi kati ya 13.8 na 14.4. Betri inachukua inachohitaji, na ikikaribia kujaa inapokea kidogo. Gari hili halifanyi hivyo. Kwenye tamino ya hasi, yaani kiungo cha waya kwenye kichwa cha hasi cha betri, kuna sensa ndogo inayopima mkondo wa umeme unaoingia na unaotoka, volti, na joto la betri. Kompyuta hujumlisha na kutoa, kama mweka hazina anavyoandika mapato na matumizi, ili ijue chaji iliyobaki. Kisha ndiyo inayoiamuru altaneta. Ikiona hesabu inaridhisha, huishusha altaneta hadi volti 12.7 au 12.8 ili injini isibebe mzigo wa bure. Dereva akiondoa mguu kwenye mafuta, huipandisha hadi karibu 15, na mwendo unaopungua unageuka kuwa chaji. Ili chaji hiyo ipate pa kuingia, betri haijazwi hadi juu. Huachwa kwenye asilimia 80 hivi.

Naomba msomaji aishike hiyo asilimia 80, na amshike pia yule mweka hazina. Kisa chote kimejengwa juu yao.

Kabla halijatufikia

Betri ya kiwandani ilipochoka, mwenye gari alishauriwa anunue kubwa zaidi. Akafungiwa betri ya kawaida ya kalsiamu (risasi ya mabamba yake imechanganywa na kalsiamu), ampea-saa 70. Namba imepanda, basi nguvu imepanda; ndivyo wengi tunavyofikiri. Lakini boksi la betri ile lilikuwa na urefu wa milimita 278, na trei imetengenezwa kwa boksi la 242. Milimita 36 zilizozidi zilipanda juu ya ukingo. Bano la chini halikushika, wakafunga kwa mkanda wa mpira. Koti la joto halikutosha, likatupwa. Na hakuna aliyeijulisha kompyuta kwamba betri imebadilishwa.

Miezi tisa baadaye gari likagoma kuwaka asubuhi. Muuzaji aliheshimu dhamana akatoa nyingine ya aina ileile, nayo ikafa baada ya miezi saba. Safari hii fundi mmoja aliweka mita kwenye betri injini ikizunguka, akasoma volti 12.7, akatamka kwamba altaneta imekufa. Kwa gari la zamani angekuwa sahihi kabisa. Mwenye gari akaja kwetu akitaka tumtafutie altaneta.

Siku ya kwanza

Tulimwomba atupe siku moja ya kupima kabla ya kununua chochote.

Betri ikiwa imetulia usiku kucha ilisoma volti 12.1. Betri ya maji iliyojaa husoma 12.6 hadi 12.7, ikiwa 12.2 imebaki nusu, na ikiwa 12.0 imebaki robo. Kwa hiyo hii ilikuwa chini ya nusu. Tuliwasha injini kwa kuazima chaji, tukaacha mita mahali pake. Kwa dakika chache za mwanzo ilisoma 14.4, halafu ikateremka taratibu hadi 12.8 na kutulia hapo. Hapa ndipo fundi aliyetutangulia aliposimama. Sisi tuliwasha taa za mbele, feni na kipasha kioo cha nyuma kwa pamoja, volti zikaruka hadi 14.3. Tukaliingiza barabarani mita ikiwa ndani ya gari. Kila dereva alipoondoa mguu kwenye mafuta tuliona 14.8, mara nyingine 14.9. Altaneta ilikuwa nzima, inatii amri. Aliyekuwa anaiamuru ndiye tuliyepaswa kumhoji.

Tulipochomeka mashine ya kusoma kompyuta, tulikuta betri imeandikwa EFB, ampea-saa 60, tarehe ya kufungwa ni ile ya kiwandani. Chaji iliyobaki, kwa hesabu ya kompyuta: asilimia 80. Tulifunga milango, tukasubiri dakika 40 gari lilale, yaani kompyuta zake zizimike, tukasoma kwenye mashine ileile mkondo unaotoka gari likiwa limezimwa. Ulikuwa ampea 0.02. Wengi wetu huchukulia chochote kilicho chini ya 0.05 kuwa cha kawaida, kwa hiyo tuliweka alama ya sawa tukasonga mbele. Upotevu wa volti kwenye nyaya kubwa wakati wa kuwasha ulikuwa mdogo pande zote mbili, chanya na arthi.

Betri yenyewe tuliitoa, tukaichaji polepole mezani hadi ikakataa kupokea zaidi, tukaiunganisha na mzigo wa ampea 3.5. Kwa betri ya ampea-saa 70 mzigo huo unapaswa kudumu saa 20 kabla volti hazijafika 10.5. Hii ilidumu saa 11, sawa na ampea-saa 38 na kidogo. Betri ya miezi saba ilikuwa imepoteza karibu nusu ya uwezo wake.

Uamuzi: betri ipi, na kwa nini

Mezani tulikuwa na njia tatu. Ya kawaida tuliikataa mara moja. Bamba la risasi linaloachwa na chaji pungufu wiki baada ya wiki hujenga fuwele ngumu za salfeti ambazo chaji ya kawaida haiziyeyushi tena. Asidi nayo hujitenga, nzito chini na nyepesi juu, kwa hiyo sehemu ya chini ya bamba inajaa salfeti na ya juu haifanyi kazi ipasavyo. Betri ya kawaida inatarajia kujazwa baada ya kila safari. Mfumo huu umeamua kwa makusudi kutoijaza, na juu ya hapo unawasha injini mara kumi na zaidi katika safari moja ya mjini. Tofauti ya EFB iko hapo: bamba chanya limevikwa kitambaa chembamba kinachozuia malighafi yake isimomonyoke, na kwenye bamba hasi huongezwa kaboni ili lipokee chaji haraka hata likiwa halijajaa.

Mwenye gari alitaka AGM, ambayo asidi yake imenyonywa na mkeka wa nyuzi za kioo. Alikuwa amesikia kwamba ndiyo bora, na kwa mambo mengi ni kweli: asidi haijitengi, na inavumilia mizunguko mingi zaidi ya kutumika na kuchajiwa. Kanuni tunayoifuata ni kwamba gari lililotoka na AGM hurudishiwa AGM tu, lakini lililotoka na EFB linaweza kupewa EFB au AGM. Kwa hiyo ombi lake halikuwa kosa. Tulimshauri EFB kwa sababu mbili. Menyu ya kompyuta ya gari hili ilituruhusu kubadilisha ampea-saa na tarehe, si aina. AGM ingeendelea kuchajiwa kwa jedwali la EFB, na volti zinazofika karibu 15 kila mteremko si kitu ningechagua kuipa AGM isiyotambuliwa. Sababu ya pili ni joto. Betri ipo kando ya injini, na AGM ikipoteza maji yake kwa joto hayarudishiki. Magari mengi yenye AGM huificha nyuma au chini ya kiti, na si kwa bahati.

Tulifunga EFB ya ampea-saa 60, ampea 640 za kuwashia, boksi la milimita 242, na koti jipya la joto. Bano la chini likashika. Kabla ya kuifunga, kipimo chetu kilisoma ampea 655. Tukaisajili kwenye kompyuta kama betri mpya, hesabu ikaanza upya kutoka asilimia 100. Gari likaondoka likizima na kuwaka kwenye foleni kama lilipokuwa jipya.

Wiki tatu baadaye

Mwenye gari alirudi akiwa mpole kuliko nilivyostahili. Gari linawaka, alisema, lakini injini haizimiki tena kwenye foleni. Betri ilisoma volti 12.25 ikiwa imetulia. Mashine ilisema asilimia 78. Kompyuta ilikuwa imezuia mfumo wa kuzima injini kwa sababu volti wakati wa kuwasha zilishuka kupita mpaka wake, ingawa daftari lake lenyewe lilionyesha chaji ya kutosha.

Tulipima tena mkondo wa gari likiwa limelala. Kwenye mashine, 0.02. Tukavua kifuniko cha tamino ili tupime kwa mita ya kubana waya, na kijana anayejifunza kazi kwetu akainama akauliza, "Fundi, huu mwembamba mweusi mbona uko juu ya sensa?"

Ulikuwa waya wa hasi wa kamera ya dashibodi. Aliyeifunga aliubana moja kwa moja kwenye bolti ya kichwa cha betri, upande wa betri, kabla ya sensa. Umeme wote wa gari ulikuwa unarudi kwa kupita kwenye sensa isipokuwa wa kamera. Na kamera ilikuwa imewekwa irekodi hata gari likiwa limeegeshwa. Tulipozungushia mita nyaya zote za hasi kwa pamoja, ule mwembamba ukiwemo, tukasoma ampea 0.27.

Hesabu ni nyepesi na inaumiza. Ampea 0.25 za kamera kwa saa 12 za usiku ni ampea-saa 3. Gari likiegeshwa Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi, saa 60, ni ampea-saa 15, robo nzima ya betri. Kwenye daftari la mweka hazina, muda huohuo umeandikwa ampea-saa 1.2. Jumatatu asubuhi altaneta inauliza ichaji kiasi gani, na jibu analotoa mweka hazina ni kwamba hakuna kilichotumika.

Marekebisho na matokeo

Waya wa kamera tuliuhamishia kwenye arthi ya bodi, ili mkondo wake upite kwenye sensa kama mingine. Tukaongeza kikatio kinachoizima kamera volti zikifika 12.4 au baada ya saa 6, chochote kitakachotangulia. Mwenye gari alikubali baada ya kuona zile namba. Betri tuliichaji hadi kujaa kwa chaja ya nje, na kibano cheusi cha chaja tulikishika kwenye bodi, si kwenye kichwa cha betri, ili chaji inayoingia nayo ihesabiwe. Kisha tukaliacha gari limefungwa usiku mzima. Sensa nyingi hutumia utulivu huo kulinganisha hesabu yao na volti halisi na kujisahihisha. Asubuhi: volti 12.7 kwenye mita, asilimia 97 kwenye mashine. Kwa mara ya kwanza mita na kompyuta vilikuwa vinasema jambo moja.

Wiki tatu zile hazikupita bure kwa betri. Ikiwa imejaa, ampea za kuwashia zilisoma 610 badala ya 655. Tumeipima tena baada ya miezi kumi na moja: 590, volti hazishuki chini ya 10 wakati wa kuwasha, na injini bado inazimika na kuwaka kwenye foleni. Altaneta ni ileile ya kiwandani.

Uchambuzi

Nianze na letu. Siku ya kwanza dalili ilikuwa mbele yetu. Betri ilikuwa chini ya nusu, na gari lilikuwa linapunguza chaji likiamini asilimia 80. Swali lilikuwa: imekosaje hesabu kwa kiasi hicho? Tulikuwa na jibu tayari, kwamba betri haikusajiliwa na si ya aina yake, na jibu hilo lilikuwa la kweli. Lilitosheleza, kwa hiyo hatukutafuta la pili. Ukweli mmoja ulituzuia kuuona mwingine. Kilicho kizito zaidi kwangu ni kwamba tulipobadilisha betri, waya ule tuliufungua na kuurudisha kwa mikono yetu wenyewe. Tuliushika bila kuuona.

Kosa la kipimo lina somo la kiufundi. Tulitumia sensa ya gari kupima mkondo ambao sensa hiyo ndiyo iliyokuwa haiuoni. Ni kama kumuuliza mweka hazina iwapo ameibiwa kwa kumsomea daftari lake mwenyewe. Kipimo cha mkondo uliolala kinapaswa kufanywa kwa chombo kisichotegemea mfumo unaochunguzwa, kikizunguka kila waya unaogusa kichwa cha hasi.

Fundi aliyetutangulia sitamlaumu sana. Volti 12.7 injini ikizunguka zilikuwa ushahidi wa altaneta mbovu kwa miaka mingi, na kwenye magari mengi barabarani bado ni hivyo. Kinachokosekana ni hatua moja: kuongeza mzigo na kuona kama volti zinapanda, au kulipeleka gari barabarani na kuangalia linapopunguza mwendo. Dakika kumi tu, na mteja angekuwa ameokolewa gharama ya altaneta.

Kuhusu betri za ampea-saa 70, zilikosewa mara tatu kwa mpigo. Aina haikulingana na chaji pungufu ya kudumu. Ukubwa haukulingana na trei, na betri inayotikisika humwaga malighafi ya mabamba yake chini ya boksi. Uwezo haukulingana na ulioandikwa kwenye kompyuta, hivyo kila asilimia ilihesabiwa juu ya 60 wakati betri ni ya 70. Kamera nayo ilifungwa miezi michache baada ya betri ya kwanza ya 70. Ile ya kiwandani haikuwahi kukutana nayo. Kwa maoni yangu kamera ndiyo iliyoharakisha vifo vile. Lakini hata bila kamera, sioni betri ya kawaida ikimaliza miaka miwili kwenye mfumo ule.

Kuna upande wa pili wa jambo hili ambao huwa tunaukuta kwenye magari ya zamani, na nautaja kwa sababu kosa ni lilelile likitazama nyuma. Gari ambalo kidhibiti chake kinashikilia 13.8 au 13.9 lilitengenezewa betri za antimoni, zile za zamani ambazo risasi yake ilichanganywa na antimoni badala ya kalsiamu. Likifungiwa betri ya kalsiamu, inayopenda 14.4 na zaidi ili ijae vizuri, nayo itaishi na chaji pungufu, bila kompyuta yoyote kuhusika. Mwenye gari ataambiwa betri za siku hizi hazidumu. Kabla ya kuamini hilo, pima volti za altaneta injini ikiwa imepata moto, kisha linganisha na karatasi ya betri.

Tulichofanya vizuri ni kukataa kuuza altaneta kabla ya kupima, na kuichosha betri iliyokufa kwa mzigo wa saa 20 badala ya kuitupa. Zile saa 11 ndizo zilizomfanya mwenye gari akubali kwamba tatizo halikuwa bahati mbaya ya dukani. Na kushikilia EFB badala ya AGM bado naona kulikuwa sahihi kwa gari hili, kwa joto lile na menyu ile. Gari lingine lenye betri nyuma na kompyuta inayokubali kubadilishiwa aina, ningejibu tofauti.

Kilichoongezwa kwenye karatasi yetu ya kazi

Mistari miwili, juu kabisa, kabla ya nafasi ya kuandika aina ya betri. Wa kwanza: waya wowote usio wa kiwandani kwenye kichwa cha hasi uandikwe ni wa nini na unapita wapi. Wa pili: mkondo wa gari lililolala usomwe kwa mita ya kubana na kwa mashine, namba zote mbili ziandikwe kando kwa kando, na zikitofautiana gari lisitoke. Yule kijana ndiye anayeijaza karatasi hiyo siku hizi.